John Kirk: daktari mpenda kamera aliyefika Ziwa Nyasa na kushiriki kulifunga soko la watumwa Unguja

Msikilizaji wetu wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi anajua jambo hili vizuri: siku ambayo hewa ni safi, ukisimama ufukweni unaiona milima ya Malawi ng'ambo ya ziwa. Unatoa simu mfukoni, unagusa kioo, na kabla hujapepesa jicho picha imeshapatikana. Haikuridhishi, unapiga nyingine. Nayo haikuridhishi, unaifuta, na hujapoteza hata senti moja.

Mwaka 1861, katika ufuko ule wa ng'ambo, alipita daktari kijana kutoka Scotland aliyeifahamu kamera. Hakuwa mpiga picha wa kulipwa. Kazi yake ilikuwa kutibu wagonjwa na kukusanya mimea, na kamera ilikuwa ni mapenzi yake tu. Jina lake John Kirk. Vitabu vya historia vya shuleni humtaja kwa mstari mmoja au miwili, pale panapozungumziwa mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa Unguja. Leo tunasimulia maisha yake kwa kirefu kidogo, kwa sababu yanagusa Ziwa Nyasa, Mto Ruvuma, na kitu ambacho karibu kila msikilizaji wetu anacho mkononi, yaani picha.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, mashariki mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisomea udaktari mjini Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854. Tukae kidogo hapo Edinburgh, maana mji huo ulikuwa na bahati yake katika mambo ya picha.

Upigaji picha ulitangazwa rasmi duniani mwaka 1839. Miaka miwili baadaye, Mwingereza William Henry Fox Talbot alisajili haki ya njia yake ya kupiga picha kwa kutumia karatasi, na mtu wa England aliyetaka kuitumia alipaswa kumlipa. Scotland haki hiyo haikusajiliwa. Kwa hiyo wapenzi wa picha wa Edinburgh walijaribu wapendavyo bila kudaiwa. Wawili kati yao, David Octavius Hill na Robert Adamson, katika miaka ya 1840 walikwenda Newhaven, kijiji cha wavuvi kando ya mji, wakawapiga picha wavuvi na mashua zao, na wanawake waliobeba matenga ya samaki mgongoni kwenda kuuza mjini. Kabla ya hapo mara nyingi aliyechorwa au kupigwa picha alikuwa tajiri aliyevaa nguo zake za sikukuu. Picha za Newhaven zinahesabiwa miongoni mwa za kwanza duniani kuonyesha watu wa kawaida wakiwa na vitendea kazi vyao. Ukiziangalia, unaweza kudhani uko mwaloni.

Kirk alisoma katika mji huo. Wapenzi wa picha walikuwa tayari wanakutana, wanaonyeshana kazi, wanabishana juu ya dawa na karatasi. London walianzisha chama chao mwaka 1853, na Scotland wakaanzisha chao mwaka 1856. Wengine walikuwa na vikundi vya kubadilishana picha kwa njia ya posta, kila mwanachama akituma nakala za kazi yake kwa wenzake na kusubiri za kwao. Anayerusha picha kwenye kundi la simu leo na kusubiri wenzake waseme neno asidhani jambo hilo limeanza juzi. Tofauti ni kwamba wao walisubiri wiki kadhaa.

Baada ya kuhitimu, Kirk alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya Waingereza nchini Uturuki wakati wa vita vya Crimea. Huko nako alitumia muda wake wa ziada kukusanya mimea. Ni udaktari huo na mimea hiyo vilivyomfanya achaguliwe mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka 25, kujiunga na msafara wa David Livingstone wa kuuchunguza Mto Zambezi.

Katika msafara huo mpiga picha rasmi hakuwa Kirk. Alikuwa Charles Livingstone, mdogo wake David. Alikuwapo pia mchoraji, Thomas Baines, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora kwa mkono yale ambayo kamera ingeshindwa. Kwa maneno mengine, serikali ya Uingereza ilitaka ushahidi wa macho, na iliajiri watu wawili kwa kazi hiyo. Mambo hayakwenda hivyo. Charles hakuwa fundi mzuri, na ni picha chache mno zinazojulikana leo kuwa zake. Baines alifukuzwa mwaka 1859 kwa tuhuma ya kuchezea mali ya msafara, tuhuma ambayo wengi waliochunguza baadaye wanaona hakutendewa haki. Kirk mwenyewe ndiye aliyetumwa Tete, pamoja na fundi mitambo wa msafara, kwenda kumfukuza na kupekua masanduku yake. Picha za mwanzo za Zambezi zinazotazamwa mpaka leo ni za daktari aliyepiga kwa kupenda: nyumba za Tete, genge la Lupata ambako mto unapenya kati ya miamba, miti mikubwa, na meli yao ndogo ya mvuke.

Meli hiyo iliitwa Ma Robert. Jina hilo lilitokana na desturi ambayo msikilizaji wetu anaifahamu, ya kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mke wa Livingstone, Mary, aliitwa hivyo na Waafrika aliokaa nao kusini kwa sababu mwanawe wa kwanza alikuwa Robert. Meli yenyewe ilikuwa mbovu, ikivuja na kula kuni kama tanuru la matofali, na mwishoni mwa mwaka 1860 ilizama mtoni.

Sasa tueleze kamera ya wakati huo ilifanyaje kazi, kwa sababu bila kuelewa hilo huwezi kuelewa kwa nini picha za zamani ziko kama zilivyo.

Kamera lilikuwa sanduku la mbao lenye lenzi mbele, lililosimama juu ya miguu mitatu. Hakukuwa na filamu. Njia iliyosifiwa zaidi ilikuwa ya kioo. Mpiga picha alichukua kipande cha kioo safi, akakimwagia dawa nzito yenye kunata iitwayo kolodioni, kisha akiwa ndani ya hema la giza akakichovya katika maji yenye chumvi ya madini ya fedha. Hapo kioo kikawa kinaona mwanga. Alipaswa kukitia ndani ya kamera kingali kibichi, kupiga, na kukimbilia hemani kukisafisha kwa dawa nyingine, yote hayo kabla hakijakauka. London alikuwa na dakika kadhaa za kufanya hivyo. Katika joto la bonde la Zambezi, kioo kilikauka haraka mno, vumbi likang'ang'ania, na maji ya mtoni yenye tope yakaharibu dawa. Vioo navyo ni vizito na huvunjika, na vilibebwa kichwani na wapagazi.

Njia nyingine, ambayo Kirk aliitumia, ilikuwa ya karatasi iliyolainishwa kwa nta. Hiyo iliweza kuandaliwa mapema, ikabebwa ikiwa kavu kama kurasa za daftari, na kusafishwa baadaye kambini. Kwa msafiri ilikuwa afadhali. Lakini ilikuwa na kasoro kubwa. Karatasi ilikuwa nzito kuona mwanga, na kamera iliachwa wazi kwa dakika nzima au kadhaa.

Fikiria maana yake. Simu yako inakamata mwanga kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ndiyo maana unaweza kumpiga picha mtoto anayeruka majini. Kamera ya karatasi ilihitaji kitu kitulie. Mti utatulia, jabali litatulia, nyumba itatulia. Mtu anayetembea hatatulia, na kwa sababu hakai mahali pamoja muda wa kutosha, haachi alama. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre aliipiga picha barabara yenye shughuli nyingi mjini Paris, magari ya farasi na watu wakipita. Picha ilipotoka, barabara ilikuwa tupu. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja tu aliyesimama akisafishiwa viatu.

Kwa hiyo ukiona picha za mwanzo za miji yetu ya pwani, mitaa mitupu kana kwamba watu wamehama, usidhani mji ulikuwa umelala. Watu walikuwepo, wakipita na mizigo yao, na kamera haikuwaona. Aliyeonekana ni yule aliyeamriwa kusimama. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Msafara ulifika Ziwa Nyasa kwa mara ya kwanza Septemba 1859, upande wa kusini, Kirk akiwemo. Wazungu walijitangaza wagunduzi, ilhali wavuvi walikuwa wanatanda nyavu pale, na neno lenyewe Nyasa ni jina ambalo wenyeji hutumia kuita maji makubwa kama hayo. Novemba 1860, Kirk alipata pigo ambalo mpiga picha yeyote aliyewahi kupoteza simu yenye picha zake zote ataelewa. Mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa, pale ambapo leo pana bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Aliponea chupuchupu. Madaftari 8 ya kumbukumbu zake yalichukuliwa na maji, pamoja na michoro ya mimea ipatayo 100.

Julai 1861 ndipo daktari huyu alipokutana uso kwa uso na biashara ambayo ingejaza nusu ya maisha yake. Msafara ulikuwa unapanda nyanda za juu za kusini mwa Malawi ya leo, pamoja na wamisionari wa kwanza wa Universities' Mission, ile ambayo watu wa ufuko wa Nyasa waliifahamu baadaye kwa jina la UMCA. Katika kijiji cha Mbame walikutana na msururu wa watu waliofungwa, wanaume wakiwa na makongwa shingoni. Waliokuwa wakiwaswaga walikimbia. Watu 84 walifunguliwa siku hiyo, na wengine katika siku zilizofuata. Miongoni mwa waliofunguliwa wakati huo alikuwemo kijana wa Kiyao aliyeitwa Chuma. Ni yule Chuma ambaye miaka 12 baadaye, akiwa na Susi na wenzao, aliubeba mwili wa Livingstone kutoka Zambia ya leo hadi pwani ya Tanzania.

Kuanzia Septemba hadi Oktoba 1861 Kirk na akina Livingstone walilifuata ziwa kwa mashua, upande wa magharibi, kwenda kaskazini. Ulikuwa ni wakati ambapo upepo wa Mwera hauna simile. Walipata mawimbi ambayo baharini hawakuwahi kuyaona katika chombo kidogo kama kile, na mara kwa mara walilazimika kukaa nchi kavu kusubiri ziwa litulie. Usiku mmoja waliibiwa wakiwa wamelala ufukweni. Mahali fulani Livingstone alikuwa akitembea nchi kavu huku Kirk akiwa katika mashua, wakapoteana kwa siku kadhaa. Walipita vijiji vilivyochomwa na Wangoni, ambao huko waliitwa Mazitu. Nkhotakota walikuta watu wa pwani wakiunda jahazi. Kazi ya majahazi ya hapo ilikuwa kuwavusha watumwa na pembe za ndovu hadi ufuko wa mashariki, upande wetu, na kutoka hapo safari ya miguu hadi Kilwa Kivinje.

Milima ya mashariki waliiona kwa mbali, lakini ufuko wa Mbinga hawakuufikia. Kwa hiyo hakuna picha ya Kirk ya Wamatengo wala ya wavuvi wa Liuli, na msikilizaji asipoteze muda kuitafuta. Hata hivyo safari ile ilileta habari ambazo zilimtuma Kirk mbali zaidi kuliko picha yoyote. Livingstone alipewa takwimu na balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Rigby, kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi za Nyasa pekee walipita forodhani Unguja kwa mwaka. Na hao ni wale waliofika. Waliokufa njiani kati ya ziwa na Kilwa hawakuandikwa forodhani.

Mwaka uliofuata waliujaribu Mto Ruvuma. Livingstone alikuwa na matumaini kwamba mto huo unatoka Ziwa Nyasa, na kwamba meli ingepanda kutoka Bahari ya Hindi moja kwa moja hadi ziwani bila kupita nchi ya Wareno. Mtu wa Songea angewaambia bure: Ruvuma inatoka milima ya Matogoro, na ziwa halina habari nayo. Septemba 1862 walipanda mto kwa mashua, maji yakiwa machache, mchanga umejaa, mara nyingi wakizikokota. Walishambuliwa na watu wa mtoni, wakajibu kwa bunduki, na roho zikapotea. Walipofika penye miamba wakageuka. Katika safari hiyo Kirk, ambaye kwa kawaida alikuwa mpole wa kalamu, aliandika katika daftari lake kwamba kiongozi wao amepungukiwa na akili. Daftari hilo lilikuja kuchapishwa mwaka 1965, na lilitikisa sifa ya Livingstone kidogo. Binafsi naona ndilo shahidi mwaminifu zaidi wa msafara ule, pamoja na picha zote.

Miezi michache kabla ya Ruvuma, Aprili 1862, Kirk alikuwa amemuuguza Mary Livingstone, Ma Robert mwenyewe, hadi alipokata roho kwa homa huko Shupanga. Mwaka 1863 yeye naye aliugua kuhara damu, akarudi kwao.

Angeweza kubaki huko akiwa mtaalamu wa mimea. Badala yake mwaka 1866 alirudi Afrika, safari hii Unguja, kama daktari wa ubalozi wa Uingereza. Mwaka 1867 alimuoa Helen Cooke hapohapo Unguja. Alipanda ngazi taratibu, akawa kaimu balozi, na mwaka 1873 akawa balozi kamili. Alikaa visiwani kwa takriban miaka 20, akazungumza Kiswahili, akajenga nyumba na shamba la miti Mbweni, nje kidogo ya mji, alikojaribisha mimea ya kila namna. Yule kima punju mwekundu wa Jozani, ambaye watalii humpiga picha kila siku, kwa jina la kisayansi anaitwa kwa jina la Kirk.

Na kamera hakuiacha. Alipiga mji, bandari, miti na watu. Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1860 James Grant, mwenzake Speke, alikuwa ameshapiga picha Unguja, na hizo ndizo za mwanzo zinazojulikana. Lakini Grant alikuwa mpita njia. Kirk alikuwa mwenyeji, na hiyo ni tofauti ambayo hata leo wapiga picha wa mitaani hubishana juu yake: nani anauona mtaa vizuri, mgeni ambaye kila kitu kwake ni kipya, au mkaazi anayejua nani ni nani? Mimi niko upande wa mkaazi. Mgeni hupiga kinachomshangaza. Mkaazi anajua kipi kimebadilika tangu mwaka jana.

Katika Unguja ya Kirk, kitu kimoja hakikuhitaji jicho la fundi kukiona. Soko la watumwa lilikuwa wazi, mjini kabisa. Na wengi waliosimamishwa pale walikuwa Wayao, Wanyasa, na watu wa nchi zilizo kati ya ziwa na Kilwa. Wengine waliitwa tu Wanyasa hata kama walikotoka waliitwa vingine, maana mnunuzi hakuwa na haja ya kujua zaidi.

Mapema mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka Sultani Barghash asaini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo. Sultani alikataa. Alikuwa na sababu zake za kiuchumi: kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeng'oa mikarafuu na kuzamisha majahazi, na sasa anaambiwa aachane na mapato ya watumwa. Frere aliondoka mikono mitupu. Kisha Kirk alipokea amri kutoka London amwambie Sultani kwamba akikataa tena, manowari zitaizingira Unguja na hakuna chombo kitakachoingia wala kutoka. Kirk alikuwa anafahamiana na Barghash kwa miaka, alikuwa anaingia kwake kama daktari na kama rafiki. Alikwenda, akazungumza, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukasainiwa. Soko lilifungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa mahali hapo hapo, na kanisa hilo la Mkunazini lipo hadi leo.

Ni haki tuliseme jambo hili kama lilivyo. Mkataba haukuletwa na huruma peke yake. Nyuma ya daktari palikuwa na mizinga, na Uingereza ilikuwa na faida yake katika Bahari ya Hindi. Wala watu wa Nyasa hawakupata nafuu siku ya pili yake. Mkataba ulizuia kusafirisha watumwa baharini, kwa hiyo misafara ikaanza kupita nchi kavu kutoka Kilwa kwenda kaskazini kando ya pwani. Kirk alifuatilia, akasukuma tena, na mwaka 1876 Sultani akapiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu. Utumwa wenyewe, wa mtu kumilikiwa nyumbani au shambani, uliendelea kuwa halali Unguja hadi mwaka 1897.

Waliookolewa kutoka kwenye majahazi waligawiwa, na baadhi walipelekwa Mbweni, jirani na shamba la Kirk, ambako UMCA walikuwa na makazi na shule ya wasichana. Wazee na vijana waliotoka nchi za ziwa walijenga nyumba huko na kulima, na wengi hawakurudi tena kwao.

Hapa ndipo turudi kwa yule aliyeamriwa kusimama. Katika miaka hiyo ya 1860 na 1870, maofisa wa manowari, mabalozi na wamisionari walipiga picha za watu walioshushwa kutoka majahazi ya watumwa. Picha hizo zilipelekwa Ulaya, zikageuzwa michoro na kuchapishwa magazetini, na zilisaidia kuwafanya watu wa huko wakasirike. Zilifanya kazi. Lakini angalia walivyosimamishwa: kwa mstari, nusu uchi, macho kwa kamera, hawajui kile kisanduku ni kitu gani. Hakuna aliyewauliza. Na chini ya picha pameandikwa watumwa, basi. Si jina, si kijiji, si ukoo.

Linganisha na Chuma na Susi. Walipopelekwa Uingereza mwaka 1874 kusaidia kuandaa madaftari ya Livingstone, walipigwa picha wakiwa wamevaa vizuri, na majina yao yakaandikwa. Chuma alitoka katika msururu uleule wa makongwa. Kilichomtofautisha na wale wa ufukweni Unguja ni kwamba aliyekuwa na kamera alikuwa na sababu ya kujua anaitwa nani. Leo hii mtu wa Unyasa anayetafuta babu yake hawezi kumpata katika picha zile, hata kama babu yupo pale, wa tatu kutoka kushoto.

Wapo wanaosema mpiga picha wa mtaani akiomba ruhusa anaiharibu picha, kwa kuwa watu hujiweka sawa na ule uhalisia unapotea. Hoja hiyo ina ukweli wake sokoni Mbinga siku ya mnada, ambako mwenye kupigwa picha anaweza kukutolea macho na ukafuta. Haina nguvu kwa mtu ambaye hawezi kukataa.

Mwisho wa kazi ya Kirk Unguja haukuwa wa furaha. Alikuwa ameishi akimwahidi Barghash kwamba Uingereza ni rafiki. Mwaka 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya mikataba, na Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri. London haikutaka kugombana na Wajerumani, ikamwamuru Kirk amshauri Sultani akubali. Mwaka 1886 mipaka ikachorwa na wageni, Kirk akaondoka mwaka huohuo, na ufuko wetu wa Nyasa ukaangukia katika sehemu iliyoachiwa Ujerumani, mbali na macho ya watu walioishi hapo. Miaka miwili baada ya yeye kuondoka, mwaka 1888, George Eastman wa Marekani aliuza kamera ya kwanza ya Kodak, ndogo ya kushikwa mkononi, yenye filamu ndani. Mtu yeyote mwenye fedha akaweza kupiga picha bila kujua dawa, na watu wanaotembea wakaanza hatimaye kuonekana.

Kirk alipewa heshima ya Sir, akahudhuria mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 kuhusu biashara ya watumwa, akatumwa kuchunguza ghasia za delta ya Niger mwaka 1895, kisha akatulia na bustani yake huko Sevenoaks, kusini mwa England. Alifariki tarehe 15 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89. Ni mwaka huohuo ambapo sheria ya Tanganyika, sasa ikiwa chini ya Waingereza, ilifuta utumwa bara.

Picha zake nyingi zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mji uleule alikojifunza udaktari. Ile meli yenye jina la mama wa Robert imo, miti ya Zambezi imo, na Unguja yenye mitaa mitupu.